Vidole vya Fundi

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na siku ya mtihani wa vitendo hata soksi hugeuka adui. Shangazi alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha mazoezi, soksi yake nyeupe ya mguu wa kulia ikishuka, naye akiipandisha, inashuka, anaipandisha, macho hayabanduki mlangoni. Nyuma ya mlango ule Fundi alikuwa anatahiniwa kupima mapigo ya moyo. Akifaulu, angekwenda nyumbani kwa kina Shangazi na wazee wake, wapewe viti, wasikilizwe. Akifeli, basi. Na basi hiyo haikuwa ya mzaha, ilikuwa basi ya kutoonana tena.

Usiharakishe kushangaa mwanamke mzima mwenye mvi mbili tatu alikubalije jambo la namna hiyo. Ngoja nikueleze.

Kwanza, Shangazi hakuwa shangazi wa mtu pale chuo cha uuguzi. Jina hilo walimpa vijana wa darasa lake, kwa sababu wengi angeweza kuwazaa, na kwa sababu mkobani mwake hapakosi sindano na uzi, kifungo kikikatika wanamkimbilia yeye. Aliacha shule msichana, baba yake alipofariki na kumwachia mama mgonjwa na wadogo wanne. Akakalia cherehani. Aliwashonea watoto wa watu sare za shule mwaka hadi mwaka, wadogo zake wakasoma kwa sare hizo hizo, na yeye kila Januari akawa anapima viuno vya watoto wanaokwenda mahali asipoweza kwenda. Hata mdogo wake wa mwisho alipomaliza, ndipo akasema mbele ya mama yake na wote waliokuwepo kwamba sasa anarudi shule. Walidhani anatania. Mdogo wake wa kike alicheka mpaka akapaliwa na maji.

Fundi naye aliitwa Fundi kwa sababu alikuwa fundi kweli, wa kujenga, mtu wa mwiko na timazi tangu ujana. Alikuwa mjane, ana mabinti wawili. Mkewe alifia wodini mchana kweupe, na kilichomleta chuoni kilikuwa kile kifo. Muuguzi alikaa upande mmoja wa kitanda amemshika mgonjwa mkono, Fundi upande wa pili ameshika mkono mwingine. Fundi hakusikia kitu. Vidole vyake vilikuwa na sugu nene kama kisigino, akadhani mke wake ameshakwenda, akaanza kulia. Muuguzi akamwambia, taratibu tu, bado yupo. Akarudia tena, bado yupo. Halafu akanyamaza. Tangu siku ile Fundi hakuwa na raha, kwa maana alimlilia mkewe kama maiti huku bado yu hai, na alitaka kujua yule muuguzi alikuwa anasikia nini ambacho yeye hakukisikia. Alisoma masomo ya sekondari upya pamoja na vijana, akafanya mitihani, akaingia chuo.

Akaingia na vidole vile vile. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Darasani alikuwa mzuri, dawa anazijua, vidonda anavifunga vizuri kama anavyopanga tofali, lakini ukimpa mkono wa mtu apime mapigo, anashika, anatulia, anakunja uso, hasikii. Wasichana wa darasani walikuwa wanarudisha mikono yao wakisema anawakwaruza. Vijana wakasema Fundi akitaka kusikia moyo wa mtu itabidi atoboe ukuta kwanza. Alicheka nao, lakini mara ya kwanza alipotahiniwa akafeli, na sheria ya chuo ilikuwa wazi: ukifeli mara ya pili, unarudi kwenu.

Ndipo Shangazi akajitolea. Kila jioni baada ya vipindi, jua likiwa bado lipo, wakawa wanakaa nyuma ya chumba cha kufulia, kwenye ubao mrefu chini ya kamba za shuka. Fundi aliacha vibarua vya ujenzi ili mikono ilainike, na maisha yakambana kweli, mabinti zake wakawa wanavaa viatu vya kurithishana. Shangazi alimletea mafuta ya mgando na jiwe la kusugulia. Halafu akampa mkono wake wa kushoto.

Mwanzoni Fundi hakusikia kitu hata hapo. Siku moja akasikia. Aliruka, wallahi aliruka, akasema, "Anabisha hodi." Shangazi akamwambia ahesabu. Akahesabu kwa saa yake ya mkononi, na Shangazi naye akajihesabia shingoni kwa mkono mwingine. Fundi alipotaja hesabu yake, ilikuwa pungufu.

"Umeangusha mengine," Shangazi akasema. "Rudia."

Ikawa ndiyo lugha yao. Umeangusha mangapi leo? Nimeangusha machache, nitayaokota. Okota basi, usiku haujaingia. Kadiri sugu zilivyolainika ndivyo alivyopunguza kuangusha, hadi hesabu yake na ya Shangazi zikawa zinakaribiana. Mara moja tu Fundi alishangaa kwamba mapigo anayoyapata yanazidi yale yaliyoandikwa kitabuni kuwa ya mtu mzima aliyetulia. Shangazi akamjibu harakaharaka kwamba yeye ni mtu wa cherehani, mguu umezoea kukanyaga, hata moyo umezoea mbio. Fundi akaafiki. Huko alikotoka, mchoro ni mchoro na saiti ni saiti. Karatasi inasema hivi na ukuta unasema vingine, na fundi mwenye akili huuamini ukuta.

Cherehani! Cherehani gani? Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Shangazi aliyaficha usoni, akayaficha sautini, akayaficha hata kwenye macho, maana alikuwa na mazoea ya kuficha haja zake tangu alipozikwa baba. Kifundo cha mkono hakikufundishwa adabu hiyo. Kila mara Fundi alipoweka vidole vitatu pale, moyo ulikuwa unapiga mbio kama wa msichana. Na Shangazi alimpenda kwa namna ambayo ilimtia aibu. Alipenda anavyonyoosha shuka za kambani zikipinda, na anavyowataja mabinti zake mmoja mmoja asiwachanganye. Alimpenda mpaka akawa anaogopa siku za mapumziko.

Fundi mwenyewe alikuwa amesema mara moja tu, akiangalia pembeni, kwamba akishavuka mtihani kuna neno atamwambia. Shangazi akasema atalisikia. Kisha akaenda kujifungia chooni, akacheka peke yake hadi mpiga deki akagonga mlango kuuliza kama kuna mgonjwa.

Sasa lile la nyumbani. Mdogo wake wa kiume, mhasibu, ndiye aliyekuwa anamlipia karo, na habari za Fundi zilimfikia. Alimwita nyumbani kwake, mama yao akiwa kwenye kochi, akazungumza kwa upole sana, na upole wa mtu uliyemlea mwenyewe unauma kuliko matusi. Akasema dada ametulea, sasa ni zamu yetu kumtunza, chumba chake kipo tayari, pazia limeshawekwa. Akasema hakumpinga aliposema anarudi shule, ila kurudi shule ni kimoja na kuokota mjane asiye na kazi ni kingine. Akamalizia kwa kusema kwamba yeye si mkatili: yule bwana akifaulu mtihani wake, akawa muuguzi wa kueleweka, na aje na wazee wake, atapokelewa. Akifeli, dada amsahau. Mama akaitikia kutoka kwenye kochi kwamba hayo ni maneno ya haki.

Shangazi akasema, "Nimekubali." Alikubali mbele ya mama yake, akampa mdogo wake mkono. Alikubali kwa moyo mweupe, kwa sababu alijua nani anayemfundisha Fundi.

Fundi hakuambiwa. Alikuwa na mzigo wa kutosha.

Mlango wa chumba cha mazoezi ukafunguliwa. Fundi akatoka. Vijana waliotoka kabla yake walitoka wakipiga kelele, wengine wakiimba. Yeye alitoka kimya, akaufunga mlango nyuma yake pole pole mpaka kitasa kikaingia, kama mtu anayetoka chumba cha mtoto aliyelala. Akamtazama Shangazi. Kisha akaelekea upande wa chumba cha kufulia. Na Shangazi hakupata nafasi ya kumfuata, kwa sababu Sista alishachungulia na kumwita ndani.

Sista ndiye aliyekuwa mwalimu wao wa vitendo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Pembeni ya dirisha alikaa mtahini aliyetoka chuo kingine, kalamu mkononi. Kitandani alilala mgonjwa wa mtihani, na mgonjwa huyo alikuwa mtunza bustani wa chuo. Kila mwaka alikuwa anaombwa alale pale watu wampime, na kila mwaka alikuwa analala usingizi wa kweli. Wakati huo alikuwa anakoroma kwa raha zake, tumbo likipanda na kushuka, mchanga wa bustani bado uko kwenye kucha.

Shangazi akanawa mikono, akaeleza anachotaka kufanya, ingawa mgonjwa hakuwa na habari, akashika kifundo cha mkono. Akatulia. Akahesabu.

Mapigo yalikuja taratibu, moja, halafu lingine kwa wakati wake, hayana haraka ya kwenda popote. Moyo wa mtu aliyeshiba, akalala, asiyempenda mtu yeyote aliyemo chumbani. Shangazi akajikuta anangoja kati ya pigo na pigo, na katika kungoja huko ubaridi ukampanda kuanzia miguuni. Alikuwa hajawahi kufikiri Fundi atasikia nini akishika mkono wa mtu mwingine.

Akataja hesabu yake. Sista akatazama ya kwake, akaitikia kwa kichwa.

"Angalau wewe unahesabu kilichopo," Sista akasema. "Mwenzako amehesabu vizuri tu, nilimwona midomo. Halafu akanitajia hesabu nyingine, karibu mara mbili. Namuuliza, haya mengine umeyatoa wapi? Ananiambia, Sista, niliyaangusha, nikayaokota."

Mtahini wa kutoka nje akachekea puani. Shangazi hakucheka. Bado alikuwa ameshika mkono wa mtunza bustani na hakujua namna ya kuuachia.

"Sista," akasema, "lile ni kosa langu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuokota."

Sista akamwuliza mwenzake alikuwa anajifunzia kwenye mkono wa nani. Shangazi akasema wake yeye. Na wa nani mwingine? Wake tu. Sista alikuwa mtu wa miaka mingi kazini, ameona ya wodini na ya nyuma ya wodi. Akanyoosha mkono, akamshika Shangazi kifundo cha kushoto bila kuomba ruhusa, akasikiliza kidogo, macho yakiwa mlangoni alikotokea Fundi. Kisha akauachia.

"Ungemtafutia watu wengine," akasema, na ile sauti ya kuamsha wodi haikuwepo tena. "Ndiyo maana tunawabadilishia mikono, wa mzee, wa mtoto, wa mnene, wa mwembamba. Mkono mmoja humdanganya mtu. Ulishindwa kumtafutia hata wa mpishi?"

Hakushindwa. Mpishi alikuwepo, wafua nguo walikuwepo, hata mlinzi angekubali. Shangazi hakutaka vidole vile viguse mkono mwingine. Hakuwahi kulisema hilo hata moyoni, lakini pale mbele ya kitanda alilijua, akaona uso unamwaka.

Akamwomba Sista wampe Fundi nafasi, hata dakika chache, hata kwa mgonjwa mwingine. Sista akamtazama mtahini, mtahini akafunga kalamu yake. Akasema kwa adabu kwamba anayepungukiwa na mapigo anaweza kufundishwa, lakini anayeongeza ya kichwani kwake, kesho atamwambia daktari mgonjwa anaendelea vizuri na kumbe ameshakata roho. Mtunza bustani akageuka upande, akaendelea na usingizi wake.

Shangazi alimkuta Fundi kwenye ubao wao, chini ya kamba. Shuka zilikuwa zimeanikwa nyingi siku ile, zinapepea na kunuka sabuni, na yeye amekaa katikati yake viganja vimeelekezwa juu, anavitazama. Shangazi akakaa pembeni. Soksi ilishuka, akaiacha.

"Umepita?" Fundi akauliza.

"Nimepita."

"Hongera. Nilijua." Akatabasamu, tena tabasamu la kweli. "Mimi nimewachekesha. Vidole vimenisaliti, Shangazi. Nadhani ni woga, ugumu ulirudi ghafla. Nilisikia machache, machache kabisa, nikasema haiwezekani, mtu gani yuko hai na anapiga hivi? Nikajua nimeangusha nusu."

"Hukuangusha."

"Sista amenieleza. Lakini wewe unajua jinsi ninavyoangusha."

"Hukuangusha hata moja," Shangazi akasema. "Huangushi siku nyingi sasa. Ulisikia sawasawa. Mtu akitulia, moyo wake unapiga vile ulivyousikia leo. Wangu ndio haujatulia."

Fundi akasema ile habari ya cherehani anaikumbuka. Shangazi akasema hakuna cherehani. Akasema tena, polepole, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba akiwa chumbani kwake peke yake mapigo yake ni ya kitabuni, yanafanana na ya mtunza bustani. Yanabadilika akikaa pale. Yanabadilika kabla hata hajamshika, yanapoonekana tu viatu vyake vinakuja chini ya shuka.

Upepo uliinua shuka moja ikawafunika magoti, Fundi akaitoa, akainyoosha. Alichukua muda mrefu kuinyoosha.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu uliposema anabisha hodi."

"Kwa hiyo mimi," akasema, "sijawahi kuujua moyo wa mtu mzima wa kawaida. Nimeujua huu tu." Akacheka kidogo, kicheko kikakatika. "Yaani umenifelisha kwa kunipenda."

"Ndiyo," Shangazi akasema. Alikuwa analia sasa na hakujifuta. "Nisamehe."

Fundi hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alisema lile neno alilomwahidi alikuwa amelipanga tangu zamani, ana namna yake ya kulianza, na sasa hajui alianzie wapi. Shangazi akamwambia asilianze. Na hapo ndipo alipomweleza yote: chumba chenye pazia, kochi la mama, mkono alioutoa, ndiyo aliyoitamka. Akaeleza kwamba mdogo wake yuko njiani, anakuja kumchukua kwa mapumziko, na kabla hajafungua mlango wa gari atauliza swali moja tu.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Mtu mwingine angepiga kelele, angesema ahadi gani hizo, mwanamke mzima anauzwa na mdogo wake. Shangazi alitamani aseme hivyo. Niseme ukweli, alikuwa anaomba moyoni aseme hivyo, amwambie vunja, tutakula tutakachopata, tutaona mbele. Angemwambia hivyo mara moja tu, angesimama pale pale akamfuata na soksi yake imeshuka. Hajawahi mtu kumwomba achague linalomfaa yeye.

Lakini Fundi alikuwa fundi. "Ulimpa mkono mbele ya mama?" akauliza.

"Nilimpa."

"Na ni yeye anayekulipia hapa."

"Ni yeye."

"Basi nikikuomba uvunje, hutamaliza chuo," akasema. "Utarudi kwenye cherehani, mimi nitarudi kwenye saruji, na kila tukikosana utakumbuka nani aliyekutoa chuoni. Nimejenga sana nyumba juu ya misingi mibovu kwa sababu mwenye nyumba ana haraka. Zinapendeza, mama. Halafu zinapasuka."

Alikuwa hajawahi kumwita mama. Shangazi alitaka kumjibu kwamba yeye si nyumba. Jibu lilikuwa tayari ulimini, lakini kwa miaka yote ile ulimi wake ulikuwa umezoea kumeza, ukameza na hilo.

Akamwuliza atafanya nini. Fundi akasema saiti zipo, msimamizi wake wa zamani hamtupi mtu. Mabinti wanahitaji viatu. Akageuza viganja vyake, akavikagua kama anavyokagua kazi ya mtu mwingine. "Wiki chache tu za mwiko," akasema, "na hivi vitarudi vilivyokuwa. Nitashika hata moto nisisikie."

"Usiseme hivyo."

"Nasema tu ukweli." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nipe mkono, kabla havijarudi."

Akampa wa kushoto. Fundi akaweka vidole vitatu mahali pake, hakupapasa, akatazama saa yake. Shangazi akapeleka mkono wa kulia shingoni, kama walivyozoea, naye akahesabu. Walikaa hivyo, hawatazamani, midomo yote miwili inacheza kidogo. Kutoka getini ikasikika honi, fupi, ya mtu mstaarabu. Hakuna aliyeacha kuhesabu.

Dakika ilipokwisha, Fundi akataja hesabu yake.

Ilikuwa kubwa, ya kutisha muuguzi yeyote, na ilikuwa ile ile aliyoipata Shangazi.

"Hujaangusha hata moja," akamwambia.

"Kweli?"

"Kweli. Umefaulu."

Fundi akatikisa kichwa kukubali. Akauweka mkono wa Shangazi taratibu juu ya goti la mwenyewe, akamrudishia na kopo la mafuta ya mgando lililokuwa limebaki nusu, akasema atumie yeye, wodini maji ya dawa yanakausha ngozi. Honi ikalia tena. Shangazi akasimama, akapandisha soksi, akapita katikati ya shuka. Alipofika kona aligeuka. Shuka zilikuwa zimemfunika Fundi mzima, zimebaki miguu na viatu tu, na viatu havikusogea.

Mdogo wake alishuka garini kumfungulia mlango, maana ni kijana mwenye adabu, na adabu hiyo alifundishwa na dada yake mwenyewe. Aliuliza kabla ya salamu.

"Vipi yule bwana?"

"Amefeli," Shangazi akasema.

"Pole sana, dada." Akawa mkweli katika pole ile, hilo tusimnyime. Akaweka mkoba wake nyuma, akamwambia mama ameshamwulizia tangu asubuhi, na kwamba mke wake amebadilisha lile pazia, la kwanza lilikuwa linaingiza mwanga. Akaongeza kwamba watoto wamefurahi mno kusikia shangazi yao anakuja kukaa, na pengine akiwepo hata yaya hawatamhitaji.

Gari likatoka getini. Mtunza bustani, ambaye alishaamka, alikuwa anamwagilia maua kwa mpira, akawapungia. Shangazi akampungia. Kisha, pasipo kukusudia, kwa mazoea ya mkono tu, akaweka vidole vitatu kwenye kifundo chake cha kushoto. Mapigo yalikuwa bado mbio. Akahesabu. Mdogo wake alikuwa anaeleza bei ya mapazia, naye akawa anaitikia mahali panapostahili kuitikiwa, huku akihesabu. Walipita maduka, wakapita kituo cha mafuta. Yakaanza kushuka. Alijaribu kumfikiria Fundi ili yasishuke, akamfikiria kweli kweli, vidole vyake, shuka, lile neno lililokosa pa kuanzia. Yaliendelea kushuka. Na kabla hawajakata kona ya kwenda nyumbani yalikuwa yametulia, moja, halafu lingine kwa wakati wake, mapigo ya kawaida kabisa, ambayo Sista angeyapa alama zote.